Sisi wa mwisho wa mfereji

Babu yangu mzaa mama hakuwahi kuitamka R mpaka anaingia kaburini. Alikuwa Mhehe wa upande wa Kalenga, na Kihehe hakina hiyo sauti, hata mji wenyewe ambao ramani inauita Iringa jina lake limetoka kwenye lilinga, yaani ngome, kwaiyo akisimama mbele kutuswalisha pale nyumbani sisi wajukuu nyuma yake tunasikia "alhamdu lillahi labbi laalamina, allahmani llahimi", na hakuna mtoto aliyeshangaa maana ndo Fatiha tuliyoikuta. Mi R yangu nimeipata shuleni.

Naandika haya kwa sababu ya neno moja niliambiwa na limenikaa. Mwaka juzi tulishuka pwani kwenye nikaha ya mdogo wangu, tukajaza kosta ndugu watupu, mashangazi, wajomba, nusu yao Wakatoliki wa Tosamaganga na wengine Walutheri maana ukoo wetu uko hivo. Siku ya pili jioni tumekaa uani tunachambua mchele wa pilau, mmoja wa wakwe zetu, mama mtu mzima, na naamini kabisa hakuwa na nia mbaya, akaniuliza babu yangu alisilimu lini. Nikamwambia enzi za Mwingereza, alivyoenda kulima Rujewa. Akasema, "Aah, mwanangu, basi Uislamu wenu nyie wa bara ni wa juzi, lazima mtasoma na lafudhi." Mkwe hajibiwi. Nikainamisha kichwa kwenye ungo nikaendelea kutoa mawe, lakini moyoni niliumia, na niliumia zaidi kwa sababu nilimsikia babu kabisa, labbi laalamina, kama yuko hapo nyuma ya ukuta anasikiliza anavyosemwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma. Sio kwa ajili ya kumjibu yule mama, Mungu ampe umri, ila nilitaka kujua kwa dhati: hivi kwenye hii historia ya Waislamu duniani, nani hakuwa wa juzi? Na kila nilikofungua nimekutana na kitu kilekile, kwamba kila ulikofika Uislamu waliuanza watu wakiwa wa juzi, na mara nyingi hao wa juzi ndo waliubeba mzigo mzito kuliko wote.

Anza na Madina yenyewe. Mwaka 627 Makureshi wanakuja na jeshi kubwa, mji uko wazi upande mmoja, na aliyetoa ushauri uliouokoa ni Salman, mtu wa Uajemi, mgeni, aliyeuzwa utumwani mpaka akafika Madina. Kwao Uajemi walikuwa wakizingirwa wanachimba shimo refu kuzunguka mji, Waarabu hawakuwa na mbinu hiyo. Wakachimba, na Mtume (SAW) mwenyewe akachimba nao. Vita vikaitwa vita vya khandaq, na sisi neno tunalo mpaka leo, handaki. Kila ukisema handaki kwa Kiswahili unataja akili ya mgeni mmoja aliyekuja na kitu cha kwao.

Au lafudhi, maana hapo ndo nilipochomwa. Kuna kijana wa Kiajemi alikuja Basra karne ya 8 kusoma hadithi, jina lake Sibawayh. Inasimuliwa kwamba siku moja mbele ya mwalimu wake, Hammad bin Salama, alikosea irabu moja tu, ile ya mwisho wa neno, akasahihishwa mbele ya wenzake. Akasema basi nitatafuta elimu ambayo hamtaweza kunikosoa. Akaenda kukaa chini ya wanasarufi, na kitabu alichokuja kuandika ndo msingi wa sarufi ya Kiarabu mpaka leo, kikubwa kiasi kwamba wanazuoni walikiita Kitabu tu, bila jina lingine. Alifariki kijana, na Waarabu wenyewe wamejifunza sarufi ya lugha yao kwake. Niliposoma hiyo habari usiku nikiwa Iringa, mwezi wa sita, baridi mpaka vidole havishiki simu vizuri, nilimuombea dua huyo mtu kama ndugu yangu.

Na sio yeye peke yake. Vile vitabu sita vya hadithi ambavyo masheikh wote wa Kisuni wanavitegemea, angalia waliovikusanya walizaliwa wapi. Bukhari ni mtu wa Bukhara, leo ni Uzbekistan. Muslim wa Nishapur. Tirmidhi wa Tirmidh. Nasai wa Nasa, Ibn Maja wa Qazvin. Na Abu Daud wa Sijistan. Hakuna aliyezaliwa Makka wala Madina. Miaka mia mbili tu kabla yao huko kwao hakukuwa na Waislamu kabisa, walikuwa wa juzi, ndo kwanza, na wao ndo walipanda ngamia na punda kuzunguka nchi nzima kukusanya maneno ya Mtume neno kwa neno, nani kamsikia nani.

Huyo wa mwisho, Abu Daud, naomba nikae naye kidogo kwa sababu ameniletea kitu cha nyumbani kabisa.

Kwenye kitabu chake kuna hadithi ambayo babu alikuwa anaijua kwa Kiswahili na alikuwa anaisema shambani, Waislamu wanashirikiana kwenye vitu vitatu: maji, malisho na moto. Sijistan alikotoka Abu Daud ndo Sistan, nchi kavu mashariki ya Iran, na leo mkoa wake huko Iran unaitwa Sistan na Baluchistan. Baluchistan, yaani kwa Mabulushi. Na mtu yeyote wa Mbarali akisikia Bulushi anajua naongelea nini.

Kwa wasiojua: Rujewa, wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, kuna Mabulushi wa miaka mingi. Asili yao ni pwani ya Makran, kipande kile kinachogawanywa leo na Pakistan na Iran. Masultani wa Omani walikuwa wanachukua askari huko, na bandari ya Gwadar ilikuwa mali ya Omani tangu 1783 mpaka ikauzwa kwa Pakistan mwaka 1958, kwaiyo Sayyid Said alipohamishia makao yake Zanzibar askari wa Kibulushi walikuja naye. Kutoka hapo wakapanda bara na misafara, hata wale Waingereza, Burton na Speke, walivyoingia bara mwaka 1857 walinzi wao walikuwa Mabulushi waliopewa na Sultani. Wengine hawakurudi. Walioa huku, wakafuga, wakafanya biashara, na kwenye tambarare ya Usangu wakafanya kitu ambacho kimebadilisha hii nchi yote ya kusini, walichimba mifereji wakalima mpunga wa kumwagilia. Huo mchele wa Mbarali unaouona Dar kwenye magunia, unaosifiwa kwamba mchele wa Mbeya una harufu, historia yake kubwa inaanzia kwenye yale majaruba.

Babu alienda kule kijana, kutafuta kibarua. Alichimba mfereji kwa jembe na koleo kwa malipo ya kipande, na alijifunza kazi ya maji kwa hao wazee: namna ya kujenga banio mtoni kwa magogo, mawe na majani ili maji yageuke yasivunje kingo, namna ya kusawazisha jaruba mpaka maji yalale kama kwenye sahani, namna ya kugawa zamu. Akasilimu huko. Hakuna mtu alimlazimisha, na hakuna mtu alimhubiria sana kiukweli, mwenyewe alikuwa anasema ni kitu cha mfereji. Alikuwa na shamba la mwisho, mkiani kabisa, na mwaka mmoja wa ukame wa juu walikuwa wanafunga maji yasishuke, mpunga wake unakauka umeshaanza kuchanua. Mzee mmoja wa Kibulushi mwenye shamba la juu akaja usiku na taa ya chemli, akafungua maji ya zamu yake mwenyewe yashuke mpaka kwa babu, afu asubuhi wenzake walipomlaumu akawasomea ile hadithi. Maji, malisho, moto. Babu alisema, mi nikataka kujua ni dini gani hii inayojua habari za mfereji.

Nilikuja kusoma baadae kwamba neno sharia lenyewe, kwenye Kiarabu cha zamani, maana yake ilikuwa njia ya kwendea majini, kule wanyama na watu wanakoshuka kunywa. Nililia kidogo, sioni aibu kulisema. Babu alikuwa ameshakufa miaka kumi.

Sasa hebu nenda mbali kidogo, Hispania. Waislamu walikaa kule tangu 711, na kwenye mji wa Valencia walichimba mifereji na kulima mpunga, mpaka leo Wahispania mchele wanauita arroz, kutoka Kiarabu ar-ruzz, na mfereji wanauita acequia, kutoka as-saqiya. Mwaka 1238 mfalme Jaime wa Aragon akauteka mji, msikiti mkuu ukawa kanisa, ila mifereji haikuguswa, na utaratibu wa maji haukuguswa. Mpaka leo, kila Alhamisi saa sita mchana, wazee wa mifereji wanakaa mbele ya mlango wa kanisa kuu la Valencia kusikiliza kesi za maji, nani kafungua kabla ya zamu, nani kaacha maji yakamwagika kwa jirani, wanaamua kwa mdomo hapohapo, na desturi hiyo inahesabiwa kuanzia enzi za Waislamu, UNESCO wameiorodhesha mwaka 2009. Mi nimeona video yake kwenye simu. Wale wazee wamevaa majoho meusi lakini ugomvi ni uleule ninaoujua mimi toka mtoto, wa juu na wa chini, kila mtu anaapa kwamba hajafungua. Na sisi Usangu tunajua ugomvi huo ukikosa wazee wa kuutatua unafika wapi, Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi miaka ya 1990, mkulima anamlaumu mfugaji, mfugaji anamlaumu mkulima, na kinamasi chenyewe cha Ihefu kikapungua.

Watu wakihadithia historia ya Waislamu mitandaoni wanapenda sana makasri na mapanga, na wanapenda kuimalizia 1258, Hulagu wa Wamongolia kaingia Baghdad, vitabu vimetupwa mtoni, basi, zama za dhahabu zimekufa. Jamani, baada ya hapo Wamongolia wenyewe walisilimu! Berke, binamu wa Hulagu, alikuwa Muislamu hata Baghdad haijaanguka. Mwaka 1295, miaka 37 tu baada ya Baghdad, kitukuu wa Hulagu, Ghazan, akakaa kwenye kiti cha Uajemi akiwa Muislamu, akajenga Tabriz msikiti, madrasa, hospitali na nyumba ya kuangalia nyota, vyote kwa wakfu. Juzi tu babu yake mzaa babu alikuwa anachoma.

Na pwani yetu je? Maana yule mama alivyosema wa juzi alikuwa anajilinganisha na kitu, na kitu hicho ni kikubwa kweli, mi nakiheshimu. Shanga, kule Lamu, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta msikiti wa miti mdogo kabisa wa karne ya 8, Waislamu wachache tu wa kwanza kijijini, na juu yake ukajengwa mwingine mkubwa, na mwingine, mpaka ukafika wa mawe. Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya mwaka 1107. Kilwa walipiga sarafu zao, na sarafu ya sultani wao Hasan bin Suleiman imekutwa Zimbabwe Kuu huko ndani bara. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwasifu watu wake kwa dini yao na aliusifu mji kwamba ni miongoni mwa miji mizuri.

Lakini hata wao pwani ule msikiti wa miti ulikuwa mdogo kwanza. Kuna siku Shanga palikuwa na mtu mmoja anaswali, wenzake wanamwangalia wanasema huyu naye kaanza nini. Nahisi namjua huyo mtu. Ametamka maneno kwa ulimi wa kwao na hakuna aliyekuwepo wa kumsahihisha.

Ibn Battuta huyohuyo miaka ishirini baadae alienda Mali, na mi napenda sana anavyoandika huko maana anakwazika na kufurahi kwenye ukurasa mmoja. Anakwazika wanawake hawajifuniki anavyotaka yeye, wanakaa na wanaume wanaongea nao kama kawaida. Ila anashangaa Ijumaa, msikiti unajaa mpaka mtu asipowahi hapati pa kukaa, kila mtu anatuma mtoto mapema na mswala kumshikia nafasi, na hata mwenye nguo moja tu anaifua akaivaa nyeupe. Na watoto wasipohifadhi Qur'ani wanafungwa minyororo mpaka wahifadhi (hili silisifu, nalisema lilivyo). Ni mtu wa Tangier anawapima watu wa Mali kwa kipimo cha Tangier. Lakini ni haohao wa Mali ambao mfalme wao Mansa Musa alipita Kairo mwaka 1324 akielekea hija, akatoa dhahabu mpaka bei yake ikashuka mjini, na Timbuktu yao ikawa mji wa vitabu. Ahmed Baba, mwanazuoni wa Timbuktu, alipochukuliwa mateka kupelekwa Marrakesh baada ya jeshi la Moroko kuivamia nchi yake mwaka 1591, alilalamika kwamba wamemnyang'anya vitabu 1,600, na maktaba yake ilikuwa ndogo kwenye ukoo wao. Ndogo!

Huyu Ahmed Baba lazima nimtaje tena kwenye jambo gumu, na siwezi kuandika historia hii nikaliruka maana nitakuwa namdanganya babu. Utumwa. Sisi watu wa bara tunajua misafara ilileta nini. Huku kwetu dini na minyororo vilipita njia moja, na wakati mwingine kwa mtu mmoja. Na haikuanzia kwetu: mwaka 869 watumwa wengi waliotoka Afrika ya mashariki, Waarabu waliwaita Zanj, waliokuwa wanakwangua udongo wa chumvi kwenye mabwawa karibu na Basra, walisimama wakapigana miaka 14, waliuteka mji wa Basra, mpaka wakavunjwa mwaka 883. Basra ileile ya Sibawayh. Mtu akisema Uislamu wa zamani ulikuwa wa haki tupu nitamuuliza habari ya wale watu, na mtu akisema ulikuwa wa dhuluma tupu nitamuonyesha Ahmed Baba, ambaye mwaka 1615 aliandika kwamba rangi ya mtu sio sababu ya kumfanya mtumwa, na kwamba Mwafrika Muislamu aliye huru ni haramu kumuuza. Hakuukataa utumwa wote, na mi naona ilibidi aukatae. Nabaki na vyote viwili mkononi.

Na ndo maana kwenye historia ya Tanganyika mtu ninayempenda kuliko wote ni Sheikh Ramiya wa Bagamoyo. Alitekwa mtoto huko Manyema, Kongo ya mashariki, akaletwa pwani mtumwa. Akajisomea, akapata uhuru wake, akapata mali, akawa khalifa mkubwa wa tarika ya Qadiriya, na alipofariki mwaka 1931 Waislamu wa Bagamoyo walikuwa wanamfuata yeye, mtoto wa Manyema. Wa juzi kabisa. Watu kama yeye, na wafuasi wa Sheikh Uwesi wa Barawa, na walimu wadogo ambao hakuna aliyeandika majina yao, ndo waliupandisha Uislamu huku juu, kuliko Mwarabu yeyote wa pembe za ndovu. Wafanyabiashara wa pwani walifika kwa Mkwawa wa Wahehe na kwa Merere wa Wasangu zamani sana, wakauza nguo na bunduki, lakini watu hawakusilimu kwa wingi kwa ajili yao. Walisilimu baadae, Mjerumani akiwa ameshakuja.

Hilo lilinishangaza mwanzo. Mjerumani ndo aliyeleta Waislamu Iringa? Kwa sehemu ndio. Wissmann mwaka 1889 alichukua askari Wasudani kutoka Kairo, Waislamu, na jeshi la namna hiyo ndo Mkwawa alilipiga Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na ndo jeshi lililorudi kuivunja Kalenga mwezi wa kumi 1894. Boma la Iringa likajengwa, askari wakakaa, wakaoa, makarani wa pwani wakaja, maduka yakaja, na kijiji cha askari kilikuwa na mtu wa kuadhini. Afu Majimaji, 1905 mpaka 1907, njaa, vijiji vimechomwa, watu wamepoteza kila kitu pamoja na mizimu waliyoitegemea, na baada ya hapo kusini yote watu wakaingia dini, wengine kanisani, wengine msikitini. Mwaka 1908 ilizunguka barua iliyosemwa imetoka Makka, ikasomwa misikitini kusini huko, Mjerumani akaingiwa na hofu akaanza kuulizia kila mwalimu wa chuoni. Na ukoo wa Mkwawa wenyewe, mjukuu wake Chifu Adam Sapi, aliyelipokea fuvu la babu yake lilivyorudishwa mwaka 1954, ndo akaja kuwa Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge letu. Jina lake ni Adam, unalisikia.

Kwaiyo Uislamu wa nyanda za juu ulikuja na boma, na duka, na mfereji, na ukakuta ulanzi, pombe ya mianzi, kila nyumba. Haukuufukuza. Nyumbani kwetu kwenye shughuli kuna upande wa ulanzi na upande wa togwa na kila mtu anajua anakaa wapi, anayechinja ni Muislamu siku zote ili wote wale, na Krismasi tunaenda Tosamaganga kula kwa shangazi, ambaye ana sufuria moja ameiweka peke yake ya sisi tu, haijawahi kuingia kitimoto. Hili nalo nilidhani ni letu tu, la watu wa juzi wasiojua. Kumbe kule Java, Indonesia, nchi yenye Waislamu zaidi ya milioni 200, kuna mji unaitwa Kudus ambao mpaka leo wengi hawachinji ng'ombe, hata Idi wanachinja nyati wa kufuga, kwa sababu walii aliyeuleta Uislamu pale karne ya 16 alikataza, majirani wa Kihindu wasikwazike. Mnara wa msikiti wao wa matofali ukiuangalia unafanana na hekalu. Miaka mia nne na zaidi wanakula supu ya nyati kwa ajili ya heshima ya majirani ambao wengi wao walishasilimu zamani! Shangazi na sufuria yake angeelewana nao sana.

Bibi nimemuacha mwisho na sikupaswa. Bibi alisilimu kwa kuolewa, na alikaa miaka mingi anaswali kwa kumfuatisha babu tu midomo. Alianza alifu na umri wa wajukuu tayari, kwa mama mmoja jirani ambaye alikuwa anafundisha wanawake jioni wakitoka kupandikiza, miguu ina matope bado, juzuu imewekwa juu ya debe. Masheikh wa hapo hawakumtambua kama mwalimu. Mi namuweka kwenye mstari mmoja na Nana Asma'u, binti wa Usman dan Fodio wa Sokoto, huko Nigeria, aliyezaliwa 1793 akafariki 1864, alitunga mashairi kwa Kiarabu, Kifula na Kihausa na akaanzisha mtandao wa walimu wanawake, Yan Taru, wanatembea vijijini kwa vikundi kuwafuata wanawake waliko, maana alijua mwanamke wa kijijini hawezi kuacha mtama na watoto akaja mjini kusoma. Namuweka pia na wanawake wa Kaifeng, China, ambao wana msikiti wao wenyewe toka 1820 na maimamu wao wanawake. Bibi alihitimu. Alisoma Yasini peke yake siku ya arobaini ya babu, polepole sana, kidole kinafuata mstari, na R zake zote zilikuwa L.

Mwaka huu Idi nilimtumia yule mama mkwe gunia la mchele wa Rujewa kwa basi, mchele wa shamba la babu, bado tunalima palepale mkiani, mjomba analisimamia. Akanipigia simu jioni. Akashukuru sana, akasema nyumba nzima inanukia, afu akauliza, mwanangu hebu nifundishe, huu wenu nipime maji kiasi gani maana wa kwanza umeniwia bokoboko. Nikamwambia shikamoo mama, huo ni mpya, umetoka shambani juzi tu, usiupe maji mengi.